Abebe Bikila: Aliiteka Roma pekupeku, akamalizia mbio kwenye kiti cha magurudumu

Na Mwandishi Wetu, Babati

SHABIKI wa Yanga anayekumbuka Septemba 2024 hajasahau bao la Prince Dube kule Addis Ababa. Yanga ilikwenda kuikabili CBE ya Ethiopia kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, ikashinda 1-0, kisha marudiano yakapigwa Zanzibar na Wahabeshi wakala sita bila majibu. Kazi ikaishia hapo.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi walikiona kwenye runinga wakakipita tu, nacho ni jina la uwanja. Mechi ile ya kwanza ilichezwa Uwanja wa Abebe Bikila. Huyo hakuwa straika, hakuwa kipa, wala hakuwa rais wa klabu. Alikuwa mwanajeshi aliyekimbia, akapanda hadi juu kabisa, akaanguka vibaya, kisha akarudi michezoni akiwa ameketi.

Kwa watu wa Babati jina hilo haliko mbali kihivyo. Ukitoka Tanzanite Kwaraa, uwanja uliotumiwa na Fountain Gate kwa mechi zake za Ligi Kuu, ukashika njia ya Dareda na kupanda milima, unafika Mbulu, nyumbani kwa John Stephen Akhwari. Akhwari na Bikila walianza marathoni moja, siku moja, jijini Mexico City mwaka 1968. Yule wa Mbulu alimaliza wa mwisho na dunia inamheshimu mpaka leo. Bikila, bingwa mara mbili wa Olimpiki, hakumaliza. Miezi mitano baadaye hakuweza hata kusimama.

MTOTO WA GENA

Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932, katika kijiji cha Jato, Shewa. Siku hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, wanaume walikuwa wanakimbia marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles. Akiwa na miaka mitatu tu, majeshi ya Italia chini ya Mussolini yaliivamia Ethiopia, na familia yake ikalazimika kuhamia sehemu ya mbali zaidi.

Mchezo wake wa utotoni ulikuwa gena, aina ya hoki ya kienyeji ambayo magoli yake wakati mwingine huwekwa kilomita kadhaa kutoka moja hadi jingine. Fikiria winga anayetakiwa kukimbiza mpira toka Babati mjini mpaka kijiji cha jirani. Mapafu yake yalianza kujengwa huko.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliingia Addis Ababa na kujiunga na kikosi cha ulinzi cha Mfalme Haile Selassie. Kutoka milima ya Sululta hadi mjini ni kama kilomita 20, na alikuwa akizikimbia kwenda na kurudi. Hapo ndipo kocha Onni Niskanen kutoka Sweden alipomwona.

USIKU WA ROMA

Watu wa mpira wana stori yao wanayoipenda, kwamba Bikila alipata nafasi ya kwenda Roma 1960 baada ya mwenzake, Wami Biratu, kuumia kifundo cha mguu akicheza soka. Stori tamu, ila isimfanye mtu aamini kuwa jamaa alibahatisha. Kabla ya safari alikuwa ameshakimbia marathoni Addis Ababa, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,300, kwa saa 2:21:23. Muda huo ulikuwa bora kuliko rekodi ya Olimpiki iliyokuwa inashikiliwa na Emil Zátopek. Tatizo ni kwamba nje ya Ethiopia hakuna aliyekuwa na habari naye.

Septemba 10, 1960, Bikila alifika kwenye mstari wa kuanzia pekupeku. Viatu alivyopewa vilimbana, na mazoezini alishazoea kukimbia bila viatu. Niskanen alikuwa amemtahadharisha kuhusu Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, akimwambia amwangalie mwenye namba 26. Rhadi akaingia barabarani na namba 185. Kwa hiyo Bikila akawa anakimbia bega kwa bega na mtu huku macho yake yanamtafuta mtu huyohuyo mbele.

Giza liliingia, askari wakasimama kando ya njia na mienge. Karibu na mwisho wakalipita jiwe refu la Axum, mnara ambao Waitaliano waliung'oa Ethiopia mwaka 1937 na kuusimamisha katikati ya mji wao kama nyara ya vita. Mbio zikiwa zimebaki kidogo, Bikila akaongeza mwendo na Rhadi akabaki nyuma. Akakata utepe kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2:15:16.2, rekodi ya dunia, sekunde 25 mbele ya Mmorocco.

Alikuwa Mwafrika wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kutwaa dhahabu ya Olimpiki, katika mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Tanganyika ilikuwa bado inasubiri wa kwake. Askari mmoja aliyekimbia pekupeku alikuwa ameshinda kwenye mji mkuu wa waliowahi kuitawala nchi yake kwa mabavu. Hakugombea kura wala hakuhutubia mkutano, lakini kuanzia usiku ule miguu yake ikawa mali ya siasa.

Kuna jambo jingine lililotokea Roma ambalo kwa wakati ule halikumhusu kabisa. Siku nane baada ya mbio zake, mji huohuo ulipokea wanamichezo wapatao 400 wenye ulemavu, kwenye mashindano ambayo leo yanahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Bikila alishaondoka na medali yake.

MAPINDUZI NYUMBANI

Mfalme alimpandisha cheo na kumvalisha nishani. Raha hiyo haikudumu hata miezi minne.

Desemba 1960, Haile Selassie akiwa ziarani Brazil, kamanda wa kikosi chake cha ulinzi, Jenerali Mengistu Neway, alijaribu kumpindua. Kikosi kilichoasi ndicho kilichokuwa kinamlipa Bikila mshahara. Risasi zikarindima katikati ya Addis Ababa na watu wa karibu wa Mfalme wakauawa. Jeshi likayazima mapinduzi, Mengistu akanyongwa mwaka uliofuata, na askari wengi wa kikosi kile wakauawa, wakafungwa au wakakimbia.

Bikila hakushiriki. Pamoja na hayo alikamatwa, akahojiwa, kisha akaachiwa. Wenzake waliovaa sare kama yake hawakuwa na bahati hiyo.

Ethiopia ikaendelea kutamba kimichezo. Januari 1962 iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika na kulibeba, ikiichapa Misri mabao 4-2 katika muda wa nyongeza. Yule nahodha Luciano Vassalo na kina Mengistu Worku ndio waliokuwa wafalme wa soka, lakini nje ya Afrika sura ya Ethiopia ilikuwa ya Bikila.

TOKYO, KIDOLE TUMBO NA ZAWADI YA GARI

Wiki tano tu kabla ya marathoni ya Tokyo 1964, Bikila alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Kwa mchezaji wa soka hiyo ni ripoti ya kukaa nje na kuangalia wenzake. Yeye alisafiri, akaanza mazoezi mdogo mdogo, na Oktoba 21 akaingia barabarani, safari hii na viatu na soksi.

Ilikuwa aibu kwa wengine. Alimaliza kwa saa 2:12:11.2, rekodi nyingine ya dunia, na ikapita zaidi ya dakika nne kabla ya Mwingereza Basil Heatley kuingia wa pili. Muda huo Bikila alikuwa chini kwenye nyasi ananyoosha viungo kama mtu anayepasha misuli. Hakuna mwanadamu kabla yake aliyekuwa ametetea dhahabu ya marathoni.

Nyumbani akapewa cheo cha afisa, nishani nyingine, nyumba, na gari aina ya Volkswagen Beetle, ile yenye mgongo kama kobe.

SIKU ALIYOKUTANA NA MTU WA MBULU

Mexico City, Oktoba 20, 1968. Wakimbiaji 75 walianza. Bikila alivaa namba moja, lakini mguu wake ulikuwa na jeraha. Alijikaza mpaka kama kilomita 16, akatoka. Mwenzake Mamo Wolde akaichukua dhahabu, ya tatu mfululizo kwa Ethiopia.

Akhwari alianguka njiani, goti likateguka, lakini hakutoka. Aliingia uwanjani usiku na bandeji mguuni, akichechemea, wa 57 kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo. Siku hiyo wanaume wawili kutoka Afrika Mashariki waliumia kwenye barabara moja, na kila mmoja aliamuliwa na mwili wake.

USIKU WA MACHI 22

Usiku wa Machi 22, 1969, Volkswagen ya Bikila iliacha njia na kupinduka. Alinasa ndani mpaka asubuhi ndipo alipotolewa. Hakuhisi chochote kuanzia shingoni kushuka chini. Alikuwa na miaka 36.

Wiki moja baadaye alipelekwa Uingereza, Hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa huko miezi minane. Malkia Elizabeth alikwenda kumwona, na kadi za pole zikamiminika kutoka kila kona ya dunia. Taratibu mikono ikarudi. Miguu haikurudi tena.

Stoke Mandeville haikuwa hospitali ya kawaida. Mwaka 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, daktari Ludwig Guttmann aliwapanga wagonjwa wake 16 kwenye viti vya magurudumu washindane kulenga shabaha kwa upinde na mishale. Kwake michezo ilikuwa sehemu ya matibabu. Mbegu hiyo ndiyo iliyozaa mashindano ya Roma yale ya mwaka 1960.

Kwa hiyo mtu aliyeitwa mkimbiaji bora wa marathoni duniani akaanza upya kama mwanafunzi. Alijifunza upinde. Alijifunza tenisi ya meza. Mwaka 1970 akashiriki Michezo ya Stoke Mandeville akiwa kwenye kiti, kati ya watu ambao hawakujali alishinda nini Tokyo. Mwaka 1971 alialikwa Norway kama mgeni wa heshima kwenye michezo ya walemavu. Akagoma kukaa jukwaani. Alicheza upinde na tenisi ya meza, kisha akaingia kwenye mbio za sleji juu ya theluji, kitu ambacho Ethiopia hakipo, na akawaacha wote.

MIKONO MIWILI YA MUNICH

Mwaka 1972 alikuwa mgeni kwenye Olimpiki ya Munich. Alipoingizwa uwanjani na kiti chake, watu walisimama kumpigia makofi. Frank Shorter wa Marekani alipotoka kupokea dhahabu ya marathoni, alikwenda moja kwa moja kumpa mkono Bikila. Mamo Wolde alikuwa amemaliza wa tatu.

Oktoba 25, 1973, Bikila alifariki Addis Ababa kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ile ajali. Alikuwa na miaka 41. Mfalme alitangaza maombolezo ya taifa na akahudhuria mwenyewe mazishi, yaliyofanyika kwa heshima zote za kijeshi mbele ya watu wapatao 65,000. Kapteni Abebe Bikila akazikwa kama kiongozi wa nchi, ingawa hakuwahi kuongoza chochote zaidi ya mbio.

Chini ya mwaka mmoja baadaye, Septemba 1974, wanajeshi walimwondoa Haile Selassie madarakani. Mamo Wolde aliishi akayaona yaliyofuata, na yakamkuta. Katika miaka ya 1990 alituhumiwa kwa mauaji ya enzi za utawala wa kijeshi, akakaa ndani karibu miaka tisa, na akafariki miezi michache baada ya kuachiwa mwaka 2002. Mnara wa Axum nao ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005, miaka 45 tangu askari mmoja aupite usiku akiwa pekupeku.

Akhwari aliendelea kuheshimiwa, na mwaka 2008 mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam alikuwa kati ya walioukimbiza. Bikila alibakiwa na uwanja, wenye nyasi, magoli mawili na jina lake. Ndio huohuo Dube alioufungia bao.