Dennis Gabor: Fikira Iliyongoja Nuru

Mgeni wa Pwani aingiapo Eldoret hupokewa na mambo mawili: baridi ya asubuhi na vijana wanaokimbia. Kabla jua halijapanda utawaona barabarani, wembamba, kimya, mmoja nyuma ya mwenziwe, na kila baada ya kitambo mmoja wao hutupa jicho kwenye saa ya mkononi. Saa hizo nyingi hazina akrabu. Zina kidirisha cha rangi ya majivu, na ndani yake tarakimu nyeusi zinazobadilika bila ya kutoa sauti.

Wengi wetu tumezivaa saa za namna hiyo, lakini ni wachache waliojiuliza tarakimu zile zatoka wapi. Jawabu ni kwamba ndani ya kidirisha mna utando mwembamba wa kitu ambacho si maji khalisi wala si jiwe. Wataalamu hukiita fuwele ya majimaji. Umeme ukikigusa, hugeuza mwendo wa nuru ipitayo ndani yake, pakawa peusi au pakawa peupe. Na leo kitu hicho hicho, kikitengenezwa kwa ustadi mkubwa zaidi, hutumika kurusha picha za hologramu. Mtu aliyeufungua mlango wa hologramu ni Dennis Gabor. Maisha yake yafaa kusimuliwa, maana ni maisha ya mtu aliyepata fikira sahihi kabla ya kupatikana nuru ya kuidhihirisha.

Gabor alizaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, tarehe 5 Juni 1900, katika ukoo wa Kiyahudi. Baba yake alikuwa mkurugenzi katika kampuni ya migodi. Tangu utotoni alipenda elimu ya maumbile, na yeye na nduguye waligeuza sehemu ya nyumba yao kuwa maabara, wakirudia majaribio waliyoyasoma vitabuni. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikikaribia kwisha, alitiwa katika jeshi la mizinga akapelekwa Italia ya Kaskazini. Aliporudi alianza masomo ya uhandisi kwao, kisha akahamia Berlin, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1927.

Hapo Berlin aliajiriwa na kampuni ya Siemens, na kazi moja aliyoishughulikia ni taa za zebaki. Taa hiyo tuikumbuke, maana tutakutana nayo tena. Mwaka 1933 Hitler alishika utawala, na Ujerumani haikuwa tena mahali pa mtu wa nasaba yake. Gabor alirudi kwao kwa muda, na mwaka 1934 akavuka kwenda Uingereza, akapata kazi katika kampuni ya British Thomson-Houston katika mji wa Rugby. Huko ndiko alikooa, mwaka 1936, mke wake akiwa Marjorie Butler.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, mambo yalimgeukia tena. Hungaria iliingia upande wa Ujerumani, na Gabor alikuwa bado hajapata uraia wa Uingereza. Kampuni ilikuwa na kazi za siri za vita, na mtu wa nchi ya adui hakuweza kuruhusiwa kuzikaribia. Basi akapewa kibanda nje ya uzio wa ulinzi, akafanya kazi zake humo, huku wenziwe wakiwa ndani wanashughulika na mambo asiyotakiwa kuyajua. Mtu mwingine angevunjika moyo. Yeye alikaa na kufikiri. Uraia aliupata mwaka 1946.

Siku hizo wanasayansi walikuwa na hadubini ya elektroni, chombo kinachokuza vitu vidogo mno. Lakini lenzi zake zilikuwa na kasoro, na chembe ndogo kabisa, yaani atomu, hazikuweza kuonekana. Siku ya Pasaka ya mwaka 1947 Gabor alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja zamu yake ya kucheza tenisi. Hapo ndipo fikira ilipomjia: kwa nini isipigwe picha mbovu, lakini picha iliyobeba khabari zote za nuru, kisha kasoro zake zitengenezwe baadaye?

Jambo hili sisi watu wa Pwani twaweza kulielewa bila ya kwenda chuo kikuu. Zitazame mashua mbili zikipishana katika hori lililotulia. Kila moja huacha mawimbi nyuma yake, na mawimbi hayo hukutana. Mgongo wa wimbi ukikutana na mgongo, maji huinuka. Mgongo ukikutana na bonde, maji hutulia. Lau ungeweza kuyagandisha maji yale, nahodha mjuzi angeisoma michoro yake akakwambia kila mashua ilitoka wapi. Nuru nayo huenda kwa mawimbi. Picha ya kawaida huandika ukali wa nuru tu, huku ni kweupe na huku ni kweusi, lakini haiandiki wimbi lipi lilitangulia na lipi lilichelewa. Kwa hiyo hupoteza kina, ikabaki bapa kama karatasi. Gabor alikutanisha nuru iliyokwisha gusa kitu na nuru ambayo haikuguswa, na michoro ya kukutana kwao akaiandika juu ya kioo cha picha. Kioo kile kikimulikwa tena, mawimbi ya kwanza hurudi kama yalivyokuwa. Akaiita hologramu, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kizima.

Jaribio la mwanzo alilifanya pamoja na msaidizi wake, Ivor Williams, na nuru waliyoitumia ni ile ya taa ya zebaki aliyoizoea tangu Berlin. Kitu walichokipiga picha kilikuwa kidogo sana, nacho kilikuwa maandishi ya majina matatu: Huygens, Young na Fresnel. Hao ni Mholanzi, Mwingereza na Mfaransa waliothibitisha kwa zamu kwamba nuru ni mawimbi. Katika darsa zetu za zamani mwalimu hakuanza kusomesha kabla ya kuwataja aliopokea kwao. Gabor, kwa njia yake, alifanya adabu hiyo hiyo. Na ukiifuata silsila ile nyuma zaidi utafika kwa Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 354 Hijria, yaani kiasi cha 965 Miladia. Huyu ndiye aliyeonyesha katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi miale, bali nuru hutoka katika vitu ikaingia jichoni. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Gabor alitangaza uvumbuzi wake mwaka 1948, na mwaka uliofuata akaenda kusomesha Imperial College, London. Lakini picha zake zilikuwa hafifu. Mawimbi ya taa ya zebaki hayaendi kwa mpango mmoja masafa marefu, na kila picha ilitokea pamoja na pacha wake, ikatiwa ukungu. Watu waliisifu fikira, kisha wakaiacha. Yeye mwenyewe, katika miaka ya 1950, alishika mambo mengine, na miongoni mwayo alijaribu kutengeneza televisheni nyembamba ya kutundikwa ukutani. Hiyo nayo haikufika sokoni.

Kisha nuru ikaja. Mwaka 1960 Theodore Maiman, Mmarekani, aliiwasha leza ya kwanza, nuru ambayo mawimbi yake hutembea kwa nidhamu kama askari kwenye gwaride. Emmett Leith na Juris Upatnieks wa Chuo Kikuu cha Michigan waliichukua fikira ya Gabor, wakamtenga yule pacha, na mwaka 1964 wakaonyesha hologramu ya garimoshi la kuchezea, ambalo mtu aliweza kuchungulia ubavuni mwake. Katika Urusi ya Kisovieti, Yuri Denisyuk alikuwa amefika kwa njia yake nyingine mwaka 1962. Jambo lililokuwa limesahauliwa likawa gumzo la dunia, na mwaka 1971 Gabor alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kutoka siku ya benchi hadi siku ya tuzo ilipita miaka 24.

Hakuifaidi heshima hiyo muda mrefu. Mwaka 1974 alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya kusoma na kuandika, msiba mkubwa kwa mtu wa elimu. Alifariki London tarehe 9 Februari 1979.

Na fuwele za majimaji? Hizo zilikuwa zimegunduliwa kabla yeye hajazaliwa. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Prague, alikuwa akichunguza mafuta ya karoti akaona kitu kinachoyeyuka mara mbili: kwanza huwa majimaji yenye ukungu, kisha majimaji safi. Matumizi yake yalingoja miaka 80. Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ilionyesha hadharani vioo vya kwanza vya namna hiyo. Mwaka huo huo Kipchoge Keino alishinda dhahabu ya mita 1500 kule Mexico, kabla saa kama zile za vijana wa Eldoret hazijauzwa. Zilikuja katika miaka ya 1970. Baadaye zikafuata televisheni za ukutani, zile alizoziota Gabor.

Leo mambo hayo mawili yamekutana. Fuwele huwekwa juu ya kioo kidogo chenye vituo vingi mno, na kompyuta hupiga hesabu kila kituo kiicheleweshe nuru kwa kiasi gani. Leza ikimulika hapo, mawimbi hukutana kama yale ya mashua na kuijenga picha hewani au ukutani. Nuru haizuiwi kama katika mashine ya sinema, bali huelekezwa inakotakiwa. Baadhi ya magari yamekwisha tiwa vyombo vya namna hii, dereva akaona tarakimu za mwendo mbele ya kioo. Lakini tusidanganyike: si kila kinachoitwa hologramu ni hologramu. Mwaka 2014 Narendra Modi wa India alionekana katika majukwaa mengi kwa wakati mmoja, lakini ule ulikuwa mwako wa picha juu ya utando angavu, hila iliyojulikana katika majumba ya michezo ya London tangu karne ya kumi na tisa.

Kijana wa Eldoret akiitazama saa yake anaangalia sekunde alizozipunguza. Naye anajua kwamba zile sekunde chache zimemgharimu asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyempigia makofi. Gabor naye alikaa kibandani, nje ya uzio, na kazi yake ikalala zaidi ya miaka kumi kabla ya kuamshwa na watu wengine. Walio na kazi njema iliyolala kabatini wasiitupe.