Tiepolo na Picha Iliyoshushwa Altareni

Soma kwa makini habari ifuatayo, kisha jibu maswali.

Mtahiniwa, huenda umewahi kuona kanisani sanamu au picha ya Bikira Maria akiwa amesimama juu ya dunia, amemkanyaga nyoka. Miongoni mwa waliochora picha ya namna hiyo ni Giovanni Battista Tiepolo, aliyezaliwa Venice, Italia, mwaka 1696. Baba yake, mfanyabiashara wa meli, alifariki Tiepolo akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Alijifunza kazi kwa mchoraji Gregorio Lazzarini, na mwaka 1717 akaingia katika chama cha wachoraji wa Venice.

Alifuata mtindo wa Rokoko, ulioanza Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 18. Utautambua kwa mambo matatu: rangi nyepesi zenye mwanga, mistari iliyopinda, na watu wanaoonekana kama wanaelea. Sifa yake ilivuka mipaka. Kati ya 1750 na 1753 alikuwa Würzburg, Ujerumani, ambako alichora mabara manne, Afrika ikiwemo, kwenye dari ya jumba la askofu.

Mwaka 1762 alikwenda Hispania kwa wito wa Mfalme Charles wa Tatu. Mwaka 1767, akiwa amevuka miaka 70, alipewa kazi ya kuchora picha saba za rangi ya mafuta kwa altare za kanisa moja huko Aranjuez. Katika picha ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Maria amevaa nguo nyeupe na joho la bluu, na juu yake yupo njiwa, ishara ya Roho Mtakatifu. Alizimaliza mwaka 1769, akafariki Madrid mwezi Machi 1770.

Haukupita muda mrefu, picha hizo zikashushwa na kuwekwa za wachoraji wengine, akiwemo Anton Raphael Mengs. Mkono wa mzee haukuwa umekosea. Ladha ya wakubwa ndiyo iliyobadilika. Sasa walitaka utulivu wa sanaa ya kale ya Wagiriki na Warumi. Leo picha ile ya Maria imetunzwa katika makumbusho ya Prado, Madrid.

Zingatia: ukiulizwa thamani ya kazi ya sanaa, usihukumu kwa kuwa ilikataliwa. Eleza sifa zake kwanza, kisha ladha ya wakati wake.

Maswali
1. Taja sifa tatu za mtindo wa Rokoko.
2. Kwa nini picha za Aranjuez zilishushwa?
3. Fupisha aya ya nne kwa maneno yasiyozidi 30.