Joe Shuster: Mchoraji Aliyemvika Superman Miwani

Mwanamume mwenye miwani na tai anafungua shati kwa mikono miwili, na kifuani inaonekana herufi S. Picha hiyo imepamba majalada mengi ya vitabu vya katuni, na hapa Tanga tunaiona hata kwenye fulana za mitumba. Mwenye miwani ni Clark Kent, mwandishi wa habari mpole. Akiivua anakuwa Superman, shujaa anayeruka angani. Leo, msikilizaji wetu, tunamtazama aliyemchora wa kwanza.

Joe Shuster alizaliwa Toronto, Canada, tarehe 10 Julai 1914, katika familia ya wahamiaji wa Kiyahudi. Baba yake alikuwa fundi cherehani na maisha yalikuwa ya kubangaiza. Joe aliuza magazeti mitaani akiwa mtoto, na karatasi yoyote aliyoipata aliichorea. Familia ilipohamia Cleveland, Marekani, alikutana shuleni na Jerry Siegel, mpenzi wa kutunga hadithi. Wote wawili walikuwa na haya, na wote walivaa miwani. Siegel akaandika, Shuster akachora. Clark Kent, mtu anayedharauliwa na wenzake huku akificha nguvu zake, ana mengi ya vijana hao.

Kwa miaka kadhaa wachapishaji waliwakatalia. Machi 1938 kampuni moja ya New York ikakubali, ikawalipa dola 130 kwa wote wawili. Kwa saini zao waliuza hadithi, michoro na haki zote za Superman. Toleo la kwanza la Action Comics likatoka na tarehe ya Juni 1938. Kwenye jalada, Shuster alimchora Superman akiinua gari la kijani huku watu wakikimbia kwa hofu.

Kitabu kikauzika, kampuni ikatajirika. Mwaka 1947 wenzetu hao wawili walikwenda mahakamani kudai shujaa wao, wakamkosa. Majina yao yakaondolewa kwenye vitabu. Macho ya Shuster, yaliyokuwa dhaifu tangu ujana, yakazidi kufifia hadi akashindwa kuishi kwa kalamu yake.

Mwaka 1975, filamu kubwa ya Superman ikiandaliwa, habari za umaskini wao zilienea magazetini. Kampuni ikakubali kumpa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao. Shuster alifariki Los Angeles tarehe 30 Julai 1992, akiwa na miaka 78. Mwaka 2012 hundi ile ya mwaka 1938, karatasi tu, ilinunuliwa kwenye mnada kwa dola 160,000.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu Tanga ina vijana wanaochora mabango ya saluni, fulana na katuni, na wengi hulipwa mkononi bila maandishi. Kuuza mchoro mmoja ni jambo moja; kuuza haki zote za mhusika uliyembuni ni jingine. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA husajili kazi za wasanii. Kabla hujaweka saini, soma karatasi mpaka mwisho, na usipoielewa mtafute wa kukusomea. Shuster alikuwa na miaka 23 alipoweka yake.