John Newton: Aliokoka, Akaendelea Kuuza Watu

Ule wimbo wa Amazing Grace tunauimba kwa mazishi na kwa kesha, na wengi wetu tumesikia ati mwandishi wake alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, bahari ikachafuka, akaokoka, akaiacha biashara hiyo papo hapo. Nimesikia ikihubiriwa hivyo mara nyingi. Mambo hayakwenda haraka hivyo, na hapo katikati ndipo nataka tukae kidogo.

John Newton alizaliwa London mwaka wa 1725. Mama yake, mtu wa maombi, alikufa mtoto akikaribia miaka 7. Baba alikuwa baharia, na kijana akakulia melini, mdomo mchafu, akimdhihaki Mungu mbele ya wenzake. Alikamatwa kwa nguvu akatiwa katika jeshi la majini, akatoroka, akarudishwa na kuchapwa viboko. Baadaye akajikuta pwani ya Sierra Leone chini ya mfanyabiashara wa watumwa, mgonjwa, mwenye njaa, nguo zimechakaa.

Machi 1748, akirudi Uingereza, dhoruba iliipiga meli usiku, maji yakaingia. Newton alisukuma pampu kwa saa nyingi, na hapo akamlilia Mungu. Siku hiyo aliikumbuka kila mwaka hadi uzeeni.

Sasa sikieni. Baada ya hapo, kati ya 1750 na 1754, Newton alisafiri mara 3 kama nahodha wa meli za watumwa. Anaomba, anasoma Biblia, Jumapili anawaongoza mabaharia katika ibada, na chini ya mbao anazozikanyaga kuna wana wa Afrika wamefungwa minyororo. Alipoacha ubaharia mwaka wa 1754, ni kwa sababu ugonjwa ulimwangusha ghafla, si kwa sababu dhamiri ilimchoma. Sheria iliruhusu, watu wa heshima walitajirika kwayo, kanisa lilikuwa kimya. Nani angemwambia?

Kuna wanaosema basi hakuwa ameokoka. Hata yeye baadaye hakutaka kujiita mwamini kamili wa siku zile. Mimi naona mbegu ilikuwa hai, ila shamba lilikuwa na visiki, na kile kikubwa kuliko vyote kilichelewa sana kung'oka.

Mwaka wa 1764 alifanywa kasisi, akatumwa Olney, mji mdogo wa watu maskini. Wimbo wetu ulitoka huko, kwa ibada ya mwaka mpya wa 1773. Angalia hiyo tarehe: bado hakuwa ameupinga utumwa hadharani. Alihamia London 1780, na 1785 mbunge kijana, William Wilberforce, akamjia kwa siri kuuliza kama mtu aliyeokoka aache siasa. Newton alimshauri abaki bungeni. Ushauri huo, kwa maoni yangu, ulizaa kuliko mahubiri yake mengi.

Halafu 1788, miaka 34 tangu aache bahari, Newton alichapisha kijitabu akakiri mbele ya nchi nzima aliyoyaona na aliyoyafanya kwa mikono yake. Akaenda pia kutoa ushahidi. Alikuwa mchungaji mwenye jina. Angenyamaza tu, hakuna ambaye angemdai. Bunge lilipiga marufuku biashara ya watumwa Machi 1807. Newton, kipofu karibu kabisa, alifariki Desemba mwaka huo huo.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi. Newton alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kikundi kidogo cha wachungaji pale London, na mazungumzo ya kikundi hicho yalizaa shirika la misheni la CMS mwaka wa 1799. Ndilo lililomtuma Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844, na ndilo lililoanzisha Freretown katika miaka ya 1870, makao ya watumwa waliokombolewa. Kengele yao ndiyo iliyopapa jina pale Kengeleni, ukivuka Nyali.