Jim Driscoll, Bondia wa Cardiff

Driscoll alizaliwa Cardiff, Wales, mwaka wa 1880, kwa wazazi Waairishi waliokuwa hohehahe. Tarehe 19 Februari 1909 alimenyana jijini New York na Abe Attell, bingwa wa dunia wa uzani wa unyoya. Alimzidi kwa raundi kumi, na magazeti yakampa ushindi. Lakini sheria za huko hazikuruhusu mwamuzi kutangaza mshindi; maadamu Attell hakuangushwa kwa nokauti, taji lilibaki lake.

Driscoll angengoja marudiano, tena yenye donge nono. Alipanda meli akarejea kwao, kwa kuwa alikuwa ameahidi kupigana katika tamasha la kuwachangia mayatima wa Nazareth House. Ni uamuzi ambao mabondia wachache wangeuthubutu! Hakukutana tena na Attell ulingoni. Alipofariki mwaka wa 1925, watu wapatao 100,000 walifurika barabarani kumsindikiza kaburini.