Mpika Bia Aliyejiita Mwanafunzi

Ukifika mwaka wa tatu lazima ukutane na t. Unabonyeza SPSS, namba inatoka, unaangalia kama iko chini ya 0.05, unamshukuru Mungu, unaenda kula. Kitabuni wameandika t ya Student, na wengi wetu tunadhani Student ni jina la profesa fulani wa Kizungu. Kumbe jamaa alikuwa mpika bia.

William Sealy Gosset alizaliwa Canterbury, Uingereza, mwaka 1876. Baba yake alikuwa kanali upande wa wahandisi wa jeshi. Kijana naye alitaka njia hiyo, macho yakamwangusha. Akasoma hisabati na kemia Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na Guinness kule Dublin, kiwanda ambacho wakati huo kilikuwa kinachukua wahitimu wa sayansi na kuwakabidhi kazi ya upishi wenyewe.

Guinness walikuwa na bia nyeusi ya kusafirishwa ng'ambo. Ilipikwa kali kuliko ya nyumbani, na hopsi nyingi zaidi, kwa sababu ingekaa baharini wiki nyingi bila kuchacha. Hopsi ni maua. Ndani yake mna utomvu unaotoa uchungu na kuzuia bakteria. Wachagga wanaopika mbege wataelewa haraka: msesewe nao unatia uchungu wake. Tatizo ni kwamba utomvu haulingani. Shamba hili na lile, mavuno ya mwaka huu na ya mwaka jana, kila mzigo una nguvu yake. Sasa mpishi anapima sampuli chache kisha anaamua kwa ajili ya mapipa maelfu. Aziamini kiasi gani?

Hapo ndipo nilipompenda Gosset, maana swali lake ni langu. Nasoma sayansi ya chakula, na utafiti wangu ni bia kali yenye hopsi: ndoo 4 za hopsi nyingi, ndoo 4 za hopsi kiasi. Hopsi ni za kuagiza na bei yake inauma. Kuna watu hapa chuoni watakwambia chini ya sampuli 30 huo si utafiti. Boom gani itapika ndoo 30?

Mwaka 1906 kiwanda kilimpeleka London akasome kwa Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa zama hizo. Pearson alizoea data za mamia na maelfu, sampuli ndogo hazikumshughulisha. Gosset hakuwa na anasa hiyo. Akachukua vipimo vya wahalifu 3,000, urefu wa mwili na wa kidole, akaviandika kwenye kadi, akazichanganya kama karata, akazigawa mafungu 750 ya kadi nne nne. Kisha akaangalia wastani wa kila fungu unavyoyumba. Yaani aliipata fomula kwa hesabu, halafu akaijaribu kwa kadi!

Alichoonyesha ni kwamba sampuli zikiwa chache, hata kipimo chako cha mtawanyiko hakiaminiki sana, kwa hiyo lazima ujidai zaidi kabla ya kusema tofauti ipo. Kwa sampuli nyingi mno kizingiti ni 1.96. Kwa ndoo zangu 4 kwa 4 kinapanda hadi 2.45. Ni kigumu zaidi, lakini kinarukika.

Makala ilitoka 1908 katika jarida la Biometrika. Guinness hawakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao, wakiogopa siri za kiwandani, ndiyo maana akatia sahihi Student. Ronald Fisher ndiye aliyekuja kuthibitisha fomula kihisabati na kuieneza kwa kitabu chake cha 1925. Ile 0.05 tunayoiabudu imetoka huko zaidi. Gosset mwenyewe alikuwa anauliza kibiashara: nikikosea nitapoteza nini, na sampuli moja zaidi itanigharimu kiasi gani? Kwangu mimi hilo ni swali bora. Na cha ajabu, Pearson na Fisher walichukiana vibaya, yeye akabaki rafiki wa wote wawili.

Mwaka 1935 alihamia London kusimamia kiwanda kipya cha Guinness pale Park Royal. Alifariki Oktoba 1937, akiwa na miaka 61, bado mtu wa bia.