Munganga aliyejipitishia sonda mpaka moyoni

Wandugu wachimbaji na jamaa zenu, wiki hii tunawaletea maisha ya Werner Forssmann, munganga wa Ujerumani. Sababu iko. Mumoja wetu wa upande wa Misisi alitumwa mbali kufanya skaneri, wakamupiga sindano ya ile dawa ya rangi, na siku ya tatu mukojo ukapunguka sana. Tutarudi kwake.

Forssmann alizaliwa Berlin mwaka 1904. Mwaka 1929 alikuwa kijana tu, ametoka masomoni juzi juzi, anafanya kazi katika hopitali ya Eberswalde. Wakati ule wanganga waliogopa moyo: waliamini ukiugusa, mutu anakufa. Yeye aliona njia iko, kupitia mushipa wa mukono. Shefu wake akakataza. Infirmie mumoja, Gerda Ditzen, akakubali kujaribiwa yeye. Forssmann akamufunga kwenye meza kama vile anataka kuanza, kumbe anajipasua mukono wake mwenyewe. Akasukuma sonda nyembamba, ya aina ile ya kupitisha kwenye njia ya figo, sentimeta 65. Halafu akashuka ngazi kwa miguu, sonda ingali ndani, mpaka chumba cha radio. Picha ikaonyesha ncha imefika moyoni.

Sisi wa sendika tunajua kazi bila ruhusa ya shefu inaishia wapi. Alipopata nafasi Charité, hopitali kubwa ya Berlin, walimufukuza. Hakuacha. Alipitisha dawa ya rangi katika moyo wa mbwa, kisha akajipiga mwenyewe, ili moyo uonekane kwenye radio. Picha zake mwenyewe hazikutoka vizuri.

Hatutaficha: mwaka 1932 aliingia chama cha Hitler, na vitani alikuwa munganga wa jeshi. Wamarekani walimushika. Vita ilipoisha alikata miti porini, akatibu watu wa vijiji, mwisho akawa munganga wa figo na njia ya mukojo kule Bad Kreuznach. Huko ndiko habari ilimukuta mwaka 1956: amepewa Tuzo ya Nobel pamoja na Cournand na Richards, waliofuata njia yake kule New York. Alikufa mwaka 1979, kwa ugonjwa wa moyo.

Turudi kwa ndugu yetu. Dawa ya rangi ya leo ina iyodi, ndiyo inafanya mishipa ionekane. Inatoka kwa mukojo, kwa hiyo lazima ipite kwenye figo. Ikipita, mishipa midogo ya figo inaweza kujibana na damu inapunguka. Sehemu ya ndani ya figo ni kama mwisho wa shimo refu: hata siku za kawaida oksijeni inafika kidogo. Kama mwili umekauka, ile dawa inakuwa nzito ndani ya mirija na inapita polepole.

Mutu mwenye figo nzima na maji ya kutosha, hatari kwake ni ndogo. Lakini ndugu yetu alitoka shimoni akisafiri bila kunywa maji, na kwa ajili ya kiuno alikuwa anameza diklofenaki tangu wiki mbili. Vidonge hivyo, na ibuprofeni pia, vinazuia mishipa ya figo kufunguka vizuri. Hatuwezi kusema ni rangi peke yake. Walimufuata kwa vipimo vya damu, na polepole mukojo ukarudi.

Basi musikatae skaneri, maana ugonjwa usioonekana unaua pia. Lakini mbele ya sindano semeni wenyewe, musingoje kuulizwa: kama una sukari, kama figo zilishaugua, dawa gani unameza, ulikunywa maji lini. Na muombe kreatinini ipimwe kwanza. Hata kama infirmie ana haraka.